Muuza Pweza anatoka kitabuni: maswali mnayotuuliza kila siku

Tangu ijulikane hapa Bagamoyo kwamba tunatengeneza filamu ya Muuza Pweza, sipiti sokoni wala kijiweni bila kusimamishwa. Wengine wanauliza kwa mapenzi, wengine kwa hasira, na mama mmoja wa Dunda aliniuliza huku amenishika mkono nisikimbie. Nimeyakusanya hapa yale yanayojirudia. Mimi ndiye mwandishi wa mswada, kwa hiyo lawama za hadithi ni zangu. Za taa na kamera muwaulize wenzangu.

Huyo Muuza Pweza ndiye nani? Mimi nimezaliwa juzi.

Ni mfululizo wa katuni uliokuwa ukitoka kwenye jarida moja la mwezi, enzi za Mzee Ruksa. Kurasa mbili kila toleo, visanduku sita kila ukurasa, nyeupe na nyeusi. Shujaa wake anauza pweza jioni: ana sinia, jiko la mkaa, sufuria ya supu, bakuli la pilipili, na kichwani ana hesabu ya vipande alivyokula kila mteja. Hasahau. Wateja wanajaribu kumpunja, wanaumbuka. Hiyo ndiyo hadithi, mwezi baada ya mwezi, na tuliisubiri kama mshahara. Rika langu tuliisoma sambamba na kina Ndumilakuwili na Lodi Lofa wa jarida la Sani. Wazee wetu walikuwa na Chakubanga, aliyechorwa na Christian Gregory kwenye gazeti la Uhuru.

Mbona mnasema filamu, wakati ni katuni?

Neno katuni kwetu limebebeshwa mizigo mitatu: kile kichoro kimoja cha gazetini kinachomsema waziri, hadithi ya visanduku kama hii yetu, na zile picha zinazotembea kwenye televisheni watoto wakishatoka shule. Tunaichukua ya pili na kuifanya filamu ya watu wa nyama na damu. Ukisoma "katuni" humu bila maelezo zaidi, ni hiyo ya visanduku.

Si mna picha tayari kitabuni? Kazi yenu si kuzinakili tu?

Hili ndilo linaloongoza, na hata sisi tulianza tukidhani hivyo. Tulichukua toleo la mteja mwenye kanzu tukaligeuza kuwa mwongozo wa kamera, kisanduku kwa kisanduku. Ngoja nieleze lilivyo. Kisanduku cha kwanza: mteja amesimama mbele ya sinia, mkononi ana vijiti vinne vya chelewa, ule uti wa jani la mnazi. (Kwa wasiojua biashara hii: kila kipande kina kijiti chake, na ukimaliza kula muuzaji anahesabu vijiti, unalipa kwa hesabu hiyo.) Kisanduku cha pili: mteja yule yule, kijiti kimoja, shavu limevimba, macho yako baharini. Kisanduku cha tatu: Muuza Pweza, bila hata kuinua kichwa, anasema, "Na vile vitatu vya kwenye kanzu."

Kwenye karatasi unacheka kabla hujafika mwisho. Tulipoirekodi na kuionesha pale kwenye banda la video, watu wakatazamana. Kamera ilikuwa inaangalia muda wote, kwa hiyo mteja alilazimika kuvificha vile vijiti mbele ya macho yetu. Ukishauona mkono unaingia mfukoni, kauli ya Muuza Pweza haikupi kitu ambacho huna. Mara ya pili tukaruka ghafla kutoka vijiti vinne hadi kimoja. Kijana mmoja akauliza kama mkanda umeruka. Mara ya tatu mwongozaji wetu akaigeuza kamera ikamtazama Muuza Pweza peke yake, ameinama anakata mnofu, na mteja tukawa tunamsikia tu: anatafuna, kanzu inachakacha, halafu kimya. Kisha ile kauli. Banda zima liliangua kicheko, na yule kijana wa mkanda akacheka kuliko wote.

Maana yake kichekesho hakikuwa ndani ya kisanduku chochote. Kilikuwa kwenye ule ufa mweupe kati ya kisanduku na kisanduku, na aliyekimalizia ni wewe msomaji. Scott McCloud, Mmarekani aliyetoa mwaka 1993 kitabu kizima cha katuni kinachoeleza katuni, ana mfano mkali zaidi: kwenye kisanduku kimoja mtu ameinua shoka, kinachofuata ni yowe usiku juu ya mji. Mchoraji hakumuua mtu. Aliyelishusha shoka ni msomaji. Filamu haina ufa huo. Inapita picha 24 kila sekunde, na kila ambacho msomaji alikuwa anakimalizia mwenyewe, sasa lazima mtu fulani akiamue.

Wapo walionakili na kazi ikasimama. Robert Rodriguez alipotengeneza Sin City, iliyotoka mwaka 2005, alimkalisha mchoraji mwenyewe, Frank Miller, kwenye kiti cha uongozaji pamoja naye, wakafuata kurasa zake karibu kama zilivyo. Lakini katuni ile ni giza na mwanga. Nguvu yake iko ndani ya picha. Ya kwetu ni mwizi na mwenye mali wanaotegeana, na nguvu yake iko pale ambapo hakuna picha. Ang Lee mwaka 2003 kwenye Hulk alijaribu njia nyingine, akaigawa skrini vipande vipande ifanane na ukurasa. Na sisi tuliijaribu kwenye simu ya mhariri wetu. Kichwa kiliniuma.

Muigizaji mliyemchagua hafanani naye hata kidogo. Mliangalia nini?

Hafanani, kweli. Yule wa kitabuni ana pua ndefu na miguu kama ya korongo. Wa kwetu ni mnene kiasi.

Watu wa kufanana tuliwapata. Mji huu una chuo cha sanaa tangu mwaka 1981, leo kinaitwa TaSUBa, na waigizaji hawakosekani. Ukitangaza Jumatatu, Jumanne wamejaa uani. Kuna mmoja alikuwa yeye mtupu, pua na miguu, hadi Mwalimu aliyeyaandika maneno ya katuni ile akasimama alipomwona. Halafu akafungua kinywa. Alikuwa na sauti nzuri ya jukwaani, ya kufika viti vya nyuma, na uani mzima ukapoa. Dada mmoja kati yetu akanong'ona, "Si yeye." Nikamuuliza, umewahi kumsikia wapi wewe? Akanyamaza kidogo, akasema, "Anaongea kama babu yangu."

Tukaanza kuulizana. Kila mmoja wetu alikuwa na sauti yake kichwani miaka thelathini. Mimi nilimsikia mkali na wa haraka, kama kondakta. Mpiga picha alimsikia mpole. Hakuna aliyekuwa amekosea, maana karatasi haina sauti. Lakini filamu ikishatoka itakuwepo moja tu, na babu wa yule dada atakuwa amefukuzwa. Hicho ndicho watu wanachokilalamikia, hata kama mdomoni wanasema pua.

Waliotutangulia wamelikuta hilo kwa ukubwa wa taifa zima. Black Panther, shujaa wa katuni za Marekani, alianza kuchorwa mwaka 1966, na kwa miaka 50 Wakanda, nchi yake ya kubuni, ilikuwa nchi ya Afrika ambayo msomaji hakuisikia ikiongea. Kulikuwa na Kiingereza cha kwenye maputo, yale yanayobeba maneno ya wahusika, basi. Alipoingia kwenye filamu mwaka 2016, mfalme mzee aliigizwa na John Kani wa Afrika Kusini, ambaye lugha yake ni Kixhosa, na ndiyo ikawa lugha ya Wakanda, ikaendelea hivyo kwenye filamu ya 2018. Mtu mmoja na lugha ya mama yake, nchi nzima ikapata ulimi. Wangeweza kuchagua lugha nyingine na leo tungekuwa tumeizoea hiyo.

Sisi tulimchukua huyu mnene kwa sababu moja. Tulimpa ile kauli ya vijiti, akaisema chini chini, kama mtu anayemkumbusha mwenzake amesahau mwavuli. Hata wale tusioafikiana tulicheka.

Fulana yake mtaifanya rangi gani?

Aliyesoma toleo la jalada la rangi anasema bluu. Aliyesoma mengine yote anaapa ni nyekundu, na hayo mengine yote hayakuwa na rangi. Tumetia bluu iliyopauka. Nimeshaandaliwa matusi.

Nimesikia mmemwondoa yule mtu wa bara. Mnaogopa nani?

Hatukumwondoa, tumembadilisha. Kwenye katuni alikuwa anatoka bara, anabananga Kiswahili, anacheleweshwa chenji, anachekwa. Utani wenyewe ulikuwa ni matamshi yake tu. Mwalimu mwenyewe, nilipomwamkia na kulileta jambo hili kwa kuzungukazunguka, alinikatisha: "Mwanangu, lile nililiandika kwa uvivu. Mwezi ulikuwa umeisha na ukurasa haujajaa." Sasa yule bwana bado anatoka bara na bado anaongea anavyoongea, ila anahesabu kuliko Muuza Pweza. Hapo wana kazi wote wawili.

Jambo hili ni la kawaida kwa kila anayechukua katuni ya zamani. Kwenye hiyo hiyo Black Panther, M'Baku kitabuni alikuwa anaitwa Mtu-Nyani na kuvaa ngozi ya sokwe. Watengenezaji wa filamu ya 2018 walibakiza jina lake na kabila lake la milimani, wakalitupa lile la unyani, na akatoka mtu anayependwa karibu kuliko mfalme. Na Hergé, baba wa Tintin, ana kitabu cha mwaka 1931 kuhusu Kongo ambacho sisi Waafrika tukikisoma tunajiona tumechorwa na mtu asiyetuona. Filamu kubwa ya Tintin ya Steven Spielberg ya mwaka 2011 iliunganishwa kutoka vitabu vingine. Kwenye mfululizo wa vitabu zaidi ya ishirini unaweza kuchagua. Mwenye kurasa mbili kwa mwezi hana pa kukimbilia, inabidi atengeneze.

Kwa nini mmebadilisha mwisho?

Mwisho upi? Niambie uliusoma toleo gani.

Samahani, swali hili linanichokoza. Jarida lilikufa kabla hadithi haijaisha. Toleo la mwisho lililotoka, Muuza Pweza anakuta sinia lake limepinduliwa na jiko halipo, na chini ya kisanduku kuna maneno "Itaendelea." Haikuendelea. Lakini ukizunguka mji huu watakusimulia mwisho kwa kituo na mkato: alihamia Unguja, alikufa maji, alimuoa binti wa mwenye dau. Nimehesabu miisho saba, na kila mwenye wake anasema aliusoma. Wote ni waandishi wenzangu, na hawajui.

Anayedhani kwamba katuni isiyoisha haiwezi kuwa filamu amtazame Katsuhiro Otomo. Alianza kuchora Akira mwaka 1982, akaitengenezea filamu yeye mwenyewe mwaka 1988, na katuni ikamalizika mwaka 1990. Filamu ikatangulia kuisha. Mwisho wa filamu na mwisho wa katuni havifanani, na vyote ni vyake. Mimi sina ruhusa ya kiungu kama ya Otomo, kwa hiyo nimefanya la kiasi: filamu inaanzia pale kwenye sinia lililopinduliwa. Wasomaji wa zamani wataona tumeanza walipoachwa, na wageni hawatajua kuna walichokikosa.

Kuna ruhusa ya nani inatakiwa? Nami nina katuni naipenda, nataka nianze.

Kaa chini kabla hujanunua kamera.

Chini ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, kazi ya mchoraji inalindwa uhai wake wote na miaka 50 baada ya kufa kwake. Mchoraji wetu alifariki mwaka 2009, hesabu inafika 2059. Kuigeuza kazi yake kuwa filamu ni haki yake, na akifa ni ya warithi wake, hata kama wewe ndiye uliyemkumbuka wakati wao wamesahau. Tena hakuwa peke yake. Yeye alichora, Mwalimu aliandika maneno. Hao ni watu wawili na ruhusa mbili.

Marehemu ameacha watoto wanne. Watatu tuliwapata ndani ya wiki moja, tukanywa chai, wakatuombea dua. Tukaanza kazi. Huo ulikuwa ujinga wetu wa kwanza. Wa nne yuko Muscat, na aliposikia kwa watu, hakufurahi, na alikuwa na haki yote. Miezi minne ikapotea. Kilichotuokoa ni kumtafuta msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, maana huyo ndiye anayeweza kutia saini kwa niaba ya wote. Kama hayupo, familia ianzie mahakamani, wewe subiri. Ulizia pia kama marehemu alichora akiwa mwajiriwa wa jarida au kwa malipo ya kila ukurasa, kwa sababu inaweza kubadilisha nani unayepaswa kuongea naye. Mkataba ukiandikwa, uandikishe mambo yako na ofisi ya hakimiliki, COSOTA, kisha uombe kibali cha kurekodi Bodi ya Filamu. Ukitaka kurekodi kwenye magofu ya Kaole au majengo ya Mji Mkongwe wa hapa Bagamoyo, wasimamizi wa mali kale nao wana utaratibu wao. Usiende kuwaona siku ya kurekodi.

Michoro ya asili haipo. Ofisi moja ya uchapaji ilihama, na maboksi yakaachwa uani masika. Tunafanyia kazi nakala zilizochapwa.

Wenyewe walioitunga wanasemaje?

Mwalimu yuko hai, anakaa Magomeni, na anakuja kwenye mazoezi na kiti chake. Nilitarajia ataipigania kila herufi. Kumbe kinyume. Kwenye katuni, anasema, bwana mkubwa alikuwa puto. Mchoraji alichora puto, akampa, na maneno yalilazimika kuenea humo. Anaandika sentensi ya maneno kumi na nane, anaikata hadi saba. Miaka yote hiyo yale kumi na moja yalimuuma. Sasa amesikia filamu haina puto, akaniletea daftari: yote yamo, yamerudi, na mengine yameongezeka. Muuza Pweza wa kwenye daftari anahutubia.

Ikabidi nimwambie mzee wangu, shikamoo kwanza, kwamba lile puto ndilo lililomfanya mtu wake awe mtu wa maneno machache, na ndiyo maana tukampenda. Alikaa kimya. Kesho yake hakuja. Keshokutwa akaja na kiti, akasema tumwachie sentensi moja tu ndefu, mahali popote. Tumempa, na ni nzuri, anaisema yule wa bara.

Si kila mtunzi anakuja na kiti. Alan Moore, aliyeandika katuni ya Watchmen, alikataa jina lake kutokea kwenye filamu ya mwaka 2009. Ukiitazama utaona jina la mchoraji tu, Dave Gibbons. Mmoja akakaa nje, mwenzake akaingia, na kazi ni ile ile moja. Ndiyo maana nasema ruhusa mbili.

Si bora mngetengeneza katuni ya televisheni? Ingefanana.

Ingefanana, na sauti bado ingebidi ichaguliwe. Lakini ngoja tupige hesabu. Ukichora picha 12 kwa sekunde, ambacho ni kiasi cha chini cha heshima, dakika moja ni michoro 720. Dakika kumi ni 7,200. Tuna mchoraji mmoja na ana watoto.

Nakubali kwamba baadhi ya kazi bora zimepita njia hiyo. Marjane Satrapi, aliyechora katuni ya maisha yake mwenyewe, alikataa kumweka binti wa damu na nyama mahali pake. Mwaka 2007 yeye na Vincent Paronnaud walitoa Persepolis ya kuchorwa, karibu yote nyeusi na nyeupe kama kitabu. Na karibu zaidi na sisi kuna Aya wa Yopougon. Marguerite Abouet alimwandika, Clément Oubrerie akamchora, Abidjan ya miaka ya sabini, wasichana, vijiwe, baba wenye siri. Mwaka 2013 wao wawili wakaiongoza filamu yake ya kuchorwa. Hakuna vita humo wala njaa. Ni mtaa na watu wake. Nilipoisoma mara ya kwanza ndipo nilipoamini kwamba muuza pweza anatosha.

Au tamthilia ya vipande vingi?

Hadithi ya mwezi kwa mwezi inakaa vizuri kwenye vipande, ni kweli. Watchmen ilikuwa matoleo 12 na filamu yake ina dakika 162, na bado wasomaji wanalia kuna vilivyokatwa. One Piece, ambayo imeanza kuchorwa Japani mwaka 1997 na haijaisha hadi leo, imefanywa tamthilia, ikarekodiwa Cape Town. Sisi tungependa. Leta fedha.

Juzi mlikuja ufukweni na vyombo vyote, mkaondoka bila kurekodi. Mlikuwa mnacheza?

Kitabuni bahari iko palepale. Mchoraji aliipiga mstari mmoja nyuma ya sinia, na mstari ule haukusogea miaka yote. Huku kwetu bahari ina ratiba yake. Tulirekodi nusu ya ugomvi wa mwenye kanzu maji yakiwa yamejaa, mawimbi yako visiginoni. Tukarudi wiki moja baadaye saa ile ile kumalizia nusu nyingine. Maji yanachelewa kama dakika 50 kila siku, kwa hiyo saa ile ile haikuwa tena saa ile ile: bahari imekwenda zake, ngalawa zimelala ubavu kwenye tope. Ukiunganisha picha hizo, mtu anaanza sentensi mbele ya bahari na kuimaliza mbele ya jangwa.

Mvuvi mmoja alitutazama, akauliza, "Nyie hamkumuuliza mtu?" Sasa tuna kalenda ya bamvua na maji mafu, yaani siku za maji makubwa na za maji madogo, imebandikwa kwenye boksi la kamera, na mvuvi yule anatusomea. Ndiye aliyetugomea pia vijiti vya meno vya dukani. Enzi zile, alisema, ilikuwa chelewa, na akachuna ukuti akatuonesha. Nikarudi kitabuni na miwani. Mchoraji alikuwa ameichora chelewa, na mimi nimeisoma miaka yote nikiona vijiti vya meno.

Zile nyaya za umeme na bodaboda mtazifanyaje? Enzi zile hazikuwepo.

Mtaa wa India una milango ya nakshi inayofaa enzi yoyote, shida iko juu: nyaya, madishi, mnara wa simu. Tunarekodi kwa kuinamisha kamera, na pale isipowezekana tunatundika kanga kwenye kamba. Watu watafikiri ni urembo. Bodaboda tunawaomba wazime, wanazima, halafu anakuja asiyejua. Adhana tunaisubiri iishe, na hapo hatulalamiki, tunapumzika.

Sarafu tumepata za kweli, zenye kichwa cha Mwalimu Nyerere upande mmoja na mkono ulioshika mwenge upande wa pili. Tafadhali aliyeondoka na mbili siku ya Alhamisi azirudishe. Muuza Pweza anahesabu.

Mnawalipa waigizaji?

Kidogo, na pweza.

Ninayo matoleo ya zamani nyumbani. Mnayataka?

Tunayataka, hata ukurasa mmoja, hata kama ulifungiwa karanga. Hasa tunatafuta toleo la jiko. Nakala pekee tuliyonayo ina doa la mafuta katikati ya ukurasa wa pili, na ndani ya doa kuna puto. Yanasomeka maneno mawili ya mwanzo, "Huyu anadaiwa", kisha giza. Mwalimu hakumbuki alichoandika. Muigizaji wetu ameshapendekeza idadi tano tofauti, kila moja anaisema kwa uhakika kabisa. Siku ya kuirekodi imepangwa bamvua lijalo, asubuhi, maji yakikupwa. Ukiwa nayo, ilete kabla ya hapo.